Paykan ya Mpima Mikate

Kwa miaka ishirini na tisa Nosrat Daliri aliingia katika maduka ya waokaji wa kusini mwa Tehran bila kubisha hodi. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa mikate. Alibeba mizani ndogo ya shaba katika mkoba wa ngozi, na kabla ya kuweka mkate juu yake aliifuta sahani kwa kitambaa cheupe alichopigiwa pasi na mkewe, ili mtu asije akadai kwamba unga wa duka la jana umeharibu kipimo cha leo.

Alikuwa na tabia moja iliyowafanya waokaji wamchukie. Hakupima mkate uliowekwa karibu na mlango. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, kwenye mikate iliyofunikwa, akachomoa mmoja wa katikati. Waokaji walizijua siku za ukaguzi, na siku hizo mikate ya mbele ilikuwa na uzito wake wote. Ya nyuma ndiyo iliyosema kweli. Aliwahi kuwafungia milango watu wenye watoto sita kwa upungufu wa gramu ishirini, na jioni ya siku hiyo hiyo akala chakula chake kwa utulivu, kwa sababu mkate uliokuwa mbele yake alikuwa ameulipia bei kamili.

Alipostaafu, pensheni yake ikawa kama shuka fupi: akijifunika kichwa, miguu inabaki nje. Lakini alikuwa na gari, Paykan nyeupe ya matoleo ya mwisho, na kwa gari hilo akapata kazi ya kuwabeba wasichana wanne wa shule ya msingi, asubuhi kwenda na mchana kurudi. Shule ilikuwa juu ya mlima mdogo, barabara yake ikipanda kama ngazi. Kwa miaka saba hakuchelewa hata siku moja. Kodi ya nyumba ilitoka katika njia ile, na dawa za moyo za mkewe, Effat, zilitoka humo humo. Hakuwa na njia nyingine, wala umri wa kutafuta nyingine.

Mwaka huo, katikati ya vuli, hewa ya Tehran iliganda. Milima ya kaskazini ikapotea machoni kwa siku kumi na moja, na watu wakawa wanakohoa hata wanaposalimiana. Mwalimu mkuu wa shule, Bi. Sotudeh, akawatumia madereva waraka mfupi: kila gari la wanafunzi lioneshe kibandiko kipya cha ukaguzi wa moshi ifikapo Jumamosi. Asiye nacho, njia yake atapewa mwingine. Na wengine walikuwapo. Orodha ya waliokuwa wakisubiri ilibandikwa mlangoni mwa ofisi, majina kumi na manne.

Kibandiko cha Nosrat kilikuwa kinakwisha mwezi ule ule. Mwaka uliotangulia Paykan ilipita kwa upana wa unywele. Jumatatu, baada ya kuwashusha wasichana, aliipeleka kituoni.

Fundi wa kituo aliingiza bomba jembamba ndani ya ekzosi, akamwambia akanyage mafuta kidogo, aache, akanyage tena. Kwenye kioo cha mashine tarakimu zilipanda, zikawa nyekundu, zikaendelea kupanda.

"Mzee wangu," fundi alisema, "hili si gari, hili ni jiko la makaa."

Nosrat akauliza limezidi kwa kiasi gani.

"Mara mbili na kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Fundi akamtazama vizuri. Walioshindwa kwa kawaida hufoka, au hutia mkono mfukoni. "Injinia," akasema, kama alivyomwita kila mteja, "umeshaanguka kutoka ghorofani, unauliza ngazi ya mwisho ilikuwa na urefu gani?"

Nosrat alipokea karatasi ya majibu, akaikunja mara mbili, akaiweka katika bahasha ya kahawia kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Langoni walikuwapo watu wa kawaida wa mahali pale, wenye makoti meusi na shanga za tasbihi mkononi, wakinong'ona kwamba wao wanaweza kulipitisha hata jeneza. Hakuwageuzia uso. Alikuwa ameshawaona watu wa aina hiyo kwenye milango ya waokaji.

Gereji ya Ustadh Barat ilikuwa uchochoro wa pili kutoka nyumbani kwake. Barat, mzaliwa wa Tabriz, mnene, mwenye kusema polepole, ndiye aliyeijua Paykan ile tangu ikiwa mpya. Alichomoa plagi, akazinusa, akampa Nosrat moja aishike. Ilikuwa nyeusi na yenye mafuta kama kijiko kilichotoka kwenye sufuria.

Alieleza kwamba ringi za pistoni zimekwisha, oili inapanda na kuungua pamoja na petroli. Dawa yake ni moja, injini ifunguliwe yote. Wiki tatu, kwa kuwa vipuri vya Paykan sasa vinatafutwa kama dhahabu iliyoangukia mchangani.

"Fedha tutaelewana," Barat alisema. "Wewe kwangu ni kaka."

"Wiki tatu sina."

"Basi ipo ile nyingine."

Nosrat hakuuliza ile nyingine ni ipi. Alijua. Alirudi nyumbani kwa miguu, mikono nyuma, na mlangoni mwa Mokhtar mwokaji akalazimika kusimama, kwa sababu habari za mtaa hukimbia kuliko magari. Mokhtar aliwahi kufungiwa duka siku nane, miaka kumi na tano iliyopita, na hakuwa amesahau saa hata moja ya siku hizo.

"Mkaguzi," Mokhtar alisema akiwa anautoa mkate juu ya kokoto za moto, "nasikia leo na wewe umewekwa kwenye mizani."

"Nimewekwa."

"Na?"

"Nimepungua."

Mokhtar alikuwa ameandaa mzaha mwingine, lakini jibu lile lilimfungia njia. Akamfungia mkate, na alipoona pesa zinatolewa akasema kama wanavyosema wote, kwamba kitu hicho hakina thamani mbele yake, achukue tu. Nosrat akahesabu bei kamili, akaiweka juu ya meza ya unga.

Nyumbani Effat alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo Nosrat alikuwa akilikimbia tangu kituoni. "Mpigie Kamyar."

Kamyar alikuwa mume wa binti yao Mahrokh. Wiki mbili nyuma, Ijumaa, walipokuwa wamekaa kwenye sufuria ya wali na mchuzi wa majani, alitoa ufunguo wa gari lake na kuuweka karibu na sahani ya baba mkwe wake. Alisema siku hizi anakwenda kazini kwa treni, gari linalala tu, na Paykan imezeeka. Baba alichukue mwaka huu. Nosrat alimwombea heri, akausogeza ufunguo. Kamyar akaurudisha. Nosrat akasema haiwezekani, ni aibu, yeye ni nani hata amnyang'anye kijana gari lake. Kamyar akautoa tena, mara ya tatu. Nosrat akasema, la hasha, mwanangu, Paykan yangu bado ina nguvu za farasi. Basi Kamyar akautia ufunguo mfukoni na kuomba aongezewe mchuzi.

Kwa watu wa Tehran, hapana ya kwanza si hapana. Ya pili ni malezi mema. Ya tatu ndipo mtu hushika pumzi, kwa kuwa mwenye kutoa kwa moyo hapo huutupa ufunguo mapajani mwako na kuapa kwa kaburi la baba yake. Huo ndio utaratibu waliozaliwa nao, wanauita taarof, na haukuandikwa popote kwa sababu hakuna asiyeujua. Nosrat alikuwa anasubiri mara ya nne. Mara ya nne haikuja.

"Alitoa mara tatu, ukakataa mara tatu," Effat alisema. "Ulitaka mara ngapi, Baba Mahrokh? Au ulitaka apige magoti?"

"Nilitaka nijue kama ni kweli."

"Sasa umejua."

Akapiga simu. Na hapa ndipo mtu angemwonea huruma, maana mtu huyu aliyewaambia waokaji elfu moja usoni kwamba wamepunguza, hakuweza kumwambia mkwe wake kwamba anahitaji gari. Aliuliza hali ya watoto. Aliuliza hali ya kifua cha Mahrokh na hewa hii. Aliuliza kama treni zinajaa. Kamyar akasema zinajaa sana, lakini afadhali, kwani gari hana. Mdogo wake amelichukua tangu wiki iliyopita kwenda nalo Yazd, kwenye kazi ya ujenzi ya miezi sita. "Nililiweka kwa ajili yako, Baba, lakini ulisema hulihitaji. Lingekuwapo ungeliona mlangoni kwako leo hii. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo," Nosrat alisema. "Nilitaka kusikia sauti yako."

Alikata simu na kukaa ameishika mkononi. Effat alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji na kuliacha limwagike muda mrefu bila kuosha kitu.

Jumanne alizunguka. Alikwenda kwa jirani mwenye magari mawili, ambaye kila asubuhi humwambia kwamba nyumba na mali yake ni vya Nosrat. Akanywa chai mbili, akaondoka na maneno mazuri zaidi ya yale aliyoingia nayo. Aliuliza bei ya kuiuza Paykan, akaambiwa ataipata ile ya chuma chakavu. Aliuliza kama angeweza kukodi gari la wiki tatu, na kodi ilikuwa kubwa kuliko mapato ya njia yenyewe. Bila kibandiko hakuna njia ya shule. Bila njia ya shule hakuna fedha ya injini. Bila injini hakuna kibandiko. Alikuwa kama nzi ndani ya gilasi iliyofunikwa, anaona mwanga kila upande na kila upande anagonga.

Jumatano serikali ilifunga shule kwa ajili ya hewa chafu. Nosrat akaenda kwa Barat, akasimama mlangoni bila salamu ndefu.

"Ile nyingine," alisema.

Barat hakucheka wala hakumhukumu. Alifanya kazi ile kama daktari anayemfunga mtu bendeji kwa ajili ya picha. Alimimina oili nene iliyokaribia kuwa asali, ili iyashike mapengo ya ringi kwa saa moja mbili. Aliweka plagi mpya. Alitia chupa ya spiriti katika tangi. Mwisho akachukua bisibisi nyembamba na kuikaza skrubu ya kabureta, hadi injini ikawa inapumua kwa shida, ikipewa petroli kwa matone.

"Nenda nalo likiwa moto," alisema. "Usilizime. Ukilizima, limekufa. Ukishapita rudi hapa nilifungulie koo, maana hivi lilivyo halipandi hata tuta."

"Wangapi wanafanya hivi?"

"Niulize wangapi hawafanyi, nitakujibu haraka zaidi."

Alhamisi asubuhi kulikuwa na foleni ya magari ishirini. Nosrat alikaa ndani ya gari linalotetemeka, mguu wake ukiibembeleza injini isizimike, na mshale wa joto ukipanda. Hakufungua redio. Aliwaza juu ya mwokaji mmoja wa zamani ambaye alikuwa akinyunyizia maji unga wa mbele siku ya ukaguzi ili uwe mzito. Siku alipomkamata, mwokaji yule hakujitetea, alisema tu: Mkaguzi, nina kodi ya duka. Nosrat akaandika katika daftari lake kwamba mshitakiwa hakuwa na utetezi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na uchungu wake haujulikani mpaka ubavu uwe wako.

Fundi alikuwa yule yule. Aliingiza bomba. Tarakimu zikapanda, zikasimama, zikabaki kijani. Alimtazama Nosrat, akalitazama gari, akagonga boneti kwa kidole mara mbili kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kuna wageni ndani. Kisha akakibandika kibandiko kwenye kioo.

"Hongera, Injinia. Jiko limezimwa."

Hakupima mkate wa nyuma. Haikuwa kazi yake.

Barat aliifungua skrubu mchana ule. Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki huko, shule zilifunguliwa, na Nosrat akawachukua wasichana wake. Aliyekaa nyuma yake alikuwa Yeganeh, mwenye miaka tisa, mtoto wa kifua, anayetembea na kipulizio cha dawa kwenye mfuko wa mbele wa mkoba. Gari lilipoanza kupanda mlima, oili nene ikiwa imeshageuka maji, moshi wa rangi ya buluu ulijaa nyuma, na sehemu yake ikaingia kupitia sakafu iliyokuwa na tundu ambalo Nosrat alikuwa amelifunika kwa kipande cha zulia.

"Babu Nosrat," Yeganeh alisema, "naweza kufungua dirisha?"

"Nje hewa ni mbaya, binti yangu. Wametangaza."

"Ndani ndiyo mbaya."

Alisema hivyo bila adabu na bila utovu wa adabu. Alikuwa bado hajafundishwa kusema kwamba hewa ya gari la babu ni manukato ya waridi. Kisha akatoa kipulizio, akavuta mara moja, akashika pumzi kama alivyoelekezwa, na katika kioo Nosrat aliona macho yake yakihesabu sekunde. Mbele ya macho yake mwenyewe, pembeni ya kioo kikubwa, kibandiko kiling'aa.

Asubuhi ya Jumapili Effat, aliyejua habari za skrubu, alimwona Nosrat akichagua kitambaa kutoka kwenye rundo alilolipiga pasi, akikitazama pande zote mbili.

"Ukienda kusema, tutakula nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Mimi sikukatazi. Nauliza tu ili iwe imeulizwa." Akamkunjia kola ya koti vizuri.

Aliwafikisha wasichana, madirisha yote yakiwa wazi na wao wakitetemeka kwa baridi, kisha hakuondoka. Bi. Sotudeh alikuwa uani akiwahimiza wanafunzi waingie madarasani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkali kwa kazi, laini kwa maneno, kama inavyotakiwa. Nosrat alimsogelea, akaweka mkono kifuani.

"Bi. Sotudeh, gari langu halifai kubeba watoto."

"Usiseme hivyo, Bwana Daliri. Gari lako ni nuru ya macho yetu."

"Lina moshi. Linawadhuru."

"Ingekuwa madereva wote wana unyenyekevu wako, ningelala usingizi," alisema Bi. Sotudeh, na akampungia mkono msichana aliyekuwa akichelewa. "Kibandiko nimekiona. Umekuwa wa kwanza kukileta."

"Kibandiko hicho nimekipata kwa hila. Nimeidanganya mashine."

Hapo mwalimu mkuu akacheka, kicheko cha upendo kabisa. Alisema mtu aliyepima mikate ya mji mzima hawezi kudanganya hata paka. Akasema, kama waungwana wanavyoombeana dua, kivuli chake kisipungue. Akamuuliza hali ya Bi. Effat na kumwomba amfikishie salamu. Na alikuwa amegeuka nusu kuelekea mlangoni.

Nosrat alisimama pale na ukweli wake mkononi kama mtu mwenye sarafu ya nchi ambayo duka hili haliipokei. Mahali ambapo kila mtu hujishusha ili asifiwe, anayejishusha kwa kweli hasikiki. Alikuwa amelisema jambo mara tatu. Mara ya kwanza ni desturi, ya pili ni malezi. Na ya tatu, alijua yeye kuliko mtu yeyote, yule wa upande wa pili hutia ufunguo mfukoni na kuomba mchuzi.

Hakusema mara ya nne.

Alirudi kwenye Paykan, akaiwasha, akaiacha iungurume. Alitoa kitambaa, akakikunjua chote, akachuchumaa nyuma ya gari kwa goti moja, jambo lililomchukua muda kwa sababu ya mgongo. Akakinyoosha mbele ya ekzosi kwa mikono miwili na kuanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Baadhi ya wasichana walisimama kutazama. Bi. Sotudeh naye akasimama, mwanzo kwa mshangao, kisha akashuka ngazi.

Alipofika thelathini aliinuka kwa kushikilia bampa. Akaenda kuzima injini. Kitambaa kilikuwa na duara katikati, jeusi, lenye unyevu wa oili, na kingo zake za njano zilikuwa zikiendelea kutambaa. Alikikunja kwa makini, weusi ukiwa juu, akampa mwalimu mkuu kwa mikono miwili, pamoja na karatasi kutoka bahasha ya kahawia.

"Hii ni karatasi ya Jumatatu," alisema. "Hiyo ndiyo ya kweli. Ile ya Alhamisi ilipikwa."

Bi. Sotudeh aliisoma karatasi. Akaunusa mkono wake uliogusa kitambaa. Ulaini wote ukamtoka usoni, na bila huo alionekana mchovu na mdogo wa umri.

"Kwa nini hukuniambia, Bwana Daliri?"

"Nimekuambia mara tatu."

"Nilidhani unafanya taarof."

"Najua."

Darasa moja ghorofani lilianza kukariri kitu kwa pamoja. Bi. Sotudeh aliuliza nani mwingine shuleni anajua, na Nosrat akasema hakuna. Akauliza kama anaelewa kwamba leo mchana wasichana watarudi na gari lingine, na Nosrat akasema ndiyo maana amekuja asubuhi. Alimweleza habari za ringi, za Barat, za wiki tatu. Hakumtaja Kamyar.

"Nenda kaitengeneze," mwalimu mkuu alisema mwishoni. "Nafasi yako nitakushikia."

Yalikuwa maneno mazuri, na yalitoka kwa urahisi. Nosrat alikuwa amesikia mengi kama hayo wiki ile: gari langu ni lako, nyumba yangu ni yako, wewe kwangu ni kaka, kitu hiki hakina thamani. Yote yalikuwa mikate ya karibu na mlango. Alijua anachopaswa kufanya. Alipaswa kuinama, kuweka mkono kifuani, kusema Mungu asikupunguzie, na kwenda kukaa nyumbani wiki tatu bila kujua.

"Bi. Sotudeh," alisema, "hiyo ni ahadi, au ni adabu?"

Mtu hamwulizi mwenzake swali kama hilo. Ni kama kumvua kilemba. Shavu la mwalimu mkuu liliiva, akafungua mdomo ili ajibu haraka, na jibu la haraka lilikuwa tayari, lile ambalo sote tunalo tayari. Kisha akakitazama kitambaa mkononi mwake, akaufunga mdomo. Aliangalia kwenye mlango wa ofisi, ambako orodha ya majina kumi na manne ilikuwa bado imebandikwa, kona moja ikipepea.

"Sijui," alisema. "Nitalazimika kumchukua mtu leo. Akiwa mzuri, sijui kama nitaweza kumwondoa. Sijui, Bwana Daliri."

"Ahsante," Nosrat alisema, na mara hii hakuongeza kitu.

Alipata shida kukiondoa kibandiko. Gundi ya serikali ni gundi kweli. Alikikwangua kwa ncha ya ufunguo vipande vipande, na alama ya mraba ikabaki kwenye kioo. Kisha akateremka mlima gia ya pili, madirisha wazi, akipita chini ya kamera ya vibandiko vya moshi ambayo kuanzia siku ile ingemwandikia faini kila atakapopita. Aliiacha Paykan mbele ya gereji.

Barat alitoka akijipangusa mikono. Alitazama mahali kibandiko kilipokuwa. "Ulipita," alisema. "Sasa hii ni nini?"

"Fungua injini."

"Na shule?"

Nosrat alimpa funguo. Alikuwa na chupa ya chai mkononi, ile aliyozoea kuinywa akiwasubiri wasichana, bado imejaa. Alisimama kidogo uchochoroni, kwa kuwa ilikuwa saa tatu asubuhi na kwa mara ya kwanza katika miaka saba, siku ya shule, hakukuwa na mahali alipotakiwa kuwa saa sita na nusu. Moshi ulikuwa umelala juu ya mapaa. Alianza kutembea kuelekea nyumbani, akijiandaa kwa maneno machache ambayo angemwambia Effat, akiyapima moja moja, akiyatoa yasiyokuwa na uzito.